Uso wa Mama kwenye Kitambaa Kikavu

Sogeeni. Wabishi kaeni mbele, maana mara ya mwisho nilipoisimulia hii, kuku watatu waliacha kutaga wakaanza kubishana.

Tabora palikuwa na ndugu watatu. Sikudhani, dada mkubwa, alijua kutunza: hata moshi wa chakula cha juzi angekukunjia sandukuni. Luhende alijua rangi: akikoroga nyekundu, nyanya sokoni zinaona haya. Kabula, kitinda mimba, alikuwa na vidole: akikufinyangia sikio la udongo, unajikuta unalinong'oneza siri.

Mama yao alikufa hajapigwa picha hata moja. Na sasa macho ya baba yao, Mzee Maganga, yalikuwa yanafunga.

"Wanangu, nimebakiwa na mwanga wa kiberiti. Nionyesheni mama yenu."

Sikudhani akatoa sandukuni mwa mama kipande cha amerikani kilichobaki ilipokatwa sanda ya mama.

"Dada, tukipake gundi na chokaa kwanza," Luhende akasema. "Kikiwa kikavu hivi kitakunywa rangi kama ngamia."

"Mama si ukuta. Hapakwi chokaa."

Basi Luhende akapaka rangi ya mafuta hivyo hivyo. Tone la kwanza likasambaa kama umbea. Akajaribu pembeni, akapunguza kwa mafuta ya taa mpaka mtaa mzima ukapiga chafya wiki mbili. Mwishowe kahawia ikazama ndani ya nyuzi, kama damu ndani ya ngozi.

Kabula akatazama, roho ikamsinyaa. Alikuwa mama, lakini laini mno. Mama alikuwa na makovu ya ndui, na Kabula utotoni alilala ameshika shavu lile. Akachanganya mchanga, pumba na gundi, akayarudisha makovu moja moja, kwa kumbukumbu ya vidole.

Mzee akaiona picha siku tatu. "Rangi yake hiyo!" Ya nne hakuona kitu. Akaanza kuishika. "Shavu lake hili." Usiku anailalia. "Inanukia sanduku lake."

Kisha kidevuni pakatoboka. Wakamwita fundi wa mabango.

"Mafuta ya rangi yanakula pamba isiyozibwa," akasema. "Mchanga nao unaivuta. Hakuna dawa."

"Mchanga wako huo, Kabula," Luhende akasema.

"Na mafuta ya nani, kaka?"

Wote wakamgeukia Sikudhani.

"Ningekubali kizibwe," akasema, "rangi ingezama vile?"



Kidole cha mzee kikapenya tundu. "Anaondoka tena," akasema.

"Tutachora mwingine, baba," Kabula akamwambia.

"Kwenye sanda ipi, binti yangu?" Akahema. "Mimi namfuata. Aliyemrudisha ndiye abaki naye mpaka aishe. Mmoja tu. Wengine msimguse, kila mkono unammaliza."

Alhamisi akafariki, hajataja jina.

Walipotoka kuzika, kitambaa kilikuwa kitandani, kidevu chote kimeshadondoka. Ndugu watatu wakasimama mlangoni. Kabula alitaka kulishika shavu lile mara moja tu, akaificha mikono kwapani.

Haya, nyie mnaojua hukumu kuliko makadhi wa nchi saba: mwenye kitambaa, mwenye rangi, au mwenye makovu? Amueni upesi, shavu nalo linadondoka. Wewe ungemwambia nani aingie?