Kamba ya Mzee Kapela

Asiyeweza si asiyejua. Nimewaambia hivyo kwa sababu mmesema fundi Nkwabi hawezi tena kitu, na sasa mnataka kujua msemo huu nimeutoa wapi. Haya, sogeeni na viazi vyenu, menyeni huku mkisikiliza. Methali hii ilianza hivi.

Enzi za babu yangu, kijiji kizima kikiwa na baiskeli moja, kando ya msitu wa miombo aliishi mrina asali aitwaye Kapela. Miaka thelathini alipanda miti na kushusha asali. Siku moja tawi likamvunjikia, akaanguka, nyonga ikavunjika na kuunga vibaya. Kutembea alitembea kwa fimbo, lakini kupanda mti ndiyo basi tena.

Kila kiangazi wanaume walihamia kambini msituni, na desturi yao ilikuwa kwamba asiyepanda haendi. Shija, mtoto wa kaka yake, ndiye aliyetumwa kumwambia.

"Baba mdogo, mwaka huu pumzika. Huwezi."

"Siwezi," Kapela alikubali, maana lilikuwa neno la kweli.

Vijana hawakuliacha neno hapo. Asiyeweza kupanda akawa asiyeweza kuchagua mzinga, kisha akawa asiyeweza kuulizwa hata mvua itanyesha lini.

Kapela aliumia sana. Alitamani moshi wa kambini, baridi ya alfajiri, na ule mvumo wa nyuki unaomfanya mtu ashushe sauti bila kuambiwa. Kila msimu aliiangua kamba yake ya kupandia ukutani, akaikunjua, akaikunja tena, akaitundika. Wenzake waliporudi alikaa karibu nao ili anuse nta kwenye nguo zao. Mkewe alimwona, akajifanya hakuona.

Msimu wa tatu walirudi na vibuyu vitupu. Kati ya mizinga kumi, minane ilikuwa imehamwa, na miwili iliyobaki waliogopa kuigusa. Shija akaja kukaa mlangoni kwa Kapela.

"Nyuki wametuhama, baba mdogo."

"Mliwaachia masega mangapi?"

Shija akatazama chini. "Hatukujua kama huwa wanaachiwa."

"Mngeniuliza."

"Tulisema huwezi."

"Na kupanda siwezi kweli. Lakini kilichovunjika ni nyonga, mwanangu. Msitu bado ninao kichwani."

Kesho yake Shija alimpakia kwenye baiskeli, kamba ikiwa begani mwa mzee. Chini ya mzinga wa kwanza kati ya ile miwili, Kapela alitazama juu kwa muda mrefu.

"Huu msiuguse. Nyuki wanaingia na chavua miguuni, wana watoto wa kulisha."

Chini ya wa pili akamkabidhi Shija kamba yake. "Panda. Fungua upande wa nyuma, toa masega mawili, mengine waachie."

Shija akapanda. Kapela alibaki chini, kiganja kwenye gome, akitazama tawi ambalo hatalifikia tena, na machozi yakamtoka. Sega la kwanza liliposhushwa, aliwekewa yeye mkononi.

Baada ya misimu miwili nyuki walirudi katika mizinga yote kumi. Kapela hakupanda tena hadi kufa kwake, na hamu ya kupanda haikumwisha. Ila kila kiangazi baiskeli ilimfuata yeye kwanza, kabla mtu hajafunga mzigo wake.

Mwaka mmoja kijana mgeni akauliza mzee huyu asiyeweza kupanda anafuata nini kambini. Shija, aliyekuwa akikunja ile kamba, ndiye aliyemjibu.

"Asiyeweza si asiyejua."