Kibaraza cha Mzee Nandonde

Mzee Nandonde, tajiri wa duka la mabati, alikuwa hasemi ndiyo wala hapana. Ukimwomba jambo anakwambia, "Nitalifikiria," na wewe unabaki kumpigia magoti.

Somoe alikaangia vitumbua vyake ng'ambo ya duka hilo, mahali pasipo na paa. Mvua ikinyesha moto unazimika na unga unaharibika. Basi kila asubuhi alimpelekea mzee sahani ya vitumbua na kumwomba, "Mzee wangu, nipe nafasi kibarazani kwako." Mzee alikula, akajifuta mafuta, akajibu, "Nitalifikiria." Masika yakaingia, bado anafikiria.

Siku moja Somoe akamkuta mzee na wenzake wakinywa kahawa, akamwekea sahani.

"Shikamoo, mzee. Leo siombi. Kesho nahamia kibarazani kwako. Utanizuia?"

Mzee alikuwa na kitumbua mdomoni. "Nitalifikiria."

"Wazee, mmemsikia," Somoe akasema, akaenda zake.

Kesho yake mzee alikuta jiko linawaka kibarazani na wateja wamepanga foleni.

"Nani kakuruhusu?"

"Hakuna, mzee. Nilikuuliza kama utanizuia, ukasema utalifikiria. Sina haraka. Wewe fikiria, mimi nakaanga."

Wanywa kahawa wakaangua kicheko. Mzee akatafuta neno la kumfukuzia, ulimi ukafuata njia uliyoizoea.

"Nitalifikiria," akasema, akanyoosha mkono achukue kitumbua kama kawaida yake.

Somoe akaivuta sahani taratibu.

"Hilo nalo, mzee wangu, nitalifikiria."