Mlango Alioupita Khalaf

Wazee wetu walipokea kwa wazee wao kwamba katika mji mmoja wa nchi ya Iraki palikuwa na mwadhini aliyeitwa Khalaf bin Yasar, mtu wa swala na funga, ambaye sauti yake ikitoka mnarani hata mwenye usingizi mzito huinuka. Mwaka mmoja Mwenyezi Mungu akamjaalia uwezo wa kwenda kuhiji. Na ada ya watu wa mji ule, kama ilivyo ada yetu, anayekwenda Makka hupita kwanza nyumba kwa nyumba kuomba radhi, asije akasafiri na haki za waja shingoni.

Khalaf akapita siku tatu. Alilia kwa muuza siki, ambaye hata hakumbuki kukosewa. Alimshika mkono jirani mmoja akamwomba msamaha wa vitunguu alivyomkanyagia bustanini miaka kumi iliyopita. Kote akaambiwa, "Tumekusamehe, utuombee dua." Akarudi nyumbani moyo mweupe. Msafara ulikuwa uondoke kesho yake baada ya adhuhuri.

Mkewe, Bi Rabab, alikuwa akimfungia tende za safari. Akamwuliza, "Baba Hudhaifa, kwa Zubeid umefika?"

"Zubeid sikumkosea."

Zubeid huyo ndiye aliyekuwa mwadhini kabla yake. Miaka saba nyuma Khalaf alisimama mbele ya imamu na wazee wa msikiti, akasema kwamba sauti ya Zubeid imechakaa, watu wa mbali hawaisikii, na kwamba yeye anayasema hayo kwa ajili ya dini tu. Zubeid akateremshwa, Khalaf akapanda.

"Kwani nilisema uongo?" akauliza Khalaf. "Sauti ilikuwa imekwisha, mji mzima unajua."

"Hukusema uongo," akajibu Bi Rabab huku akikaza kamba. "Nauliza tu, mume wangu. Ungeyasema yale kama ungejua mnara atapewa mtu mwingine?"

Loo! Khalaf akapandwa na hasira. Akamwambia mambo ya msikiti hayamhusu, akaenda zake kutia udhu. Mnamcheka? Msimcheke, kila mmoja wetu ana mlango wake anaoupita kando.

Akaswali alasiri ile kwa ulimi tu, moyo haukuwamo, wala hakujua amesoma sura gani. Maana alikumbuka jambo asilolijua mtu ila yeye na Mola wake: kwamba wiki nzima kabla ya kusimama mbele ya wazee, alikuwa akienda peke yake kwenye mitende nje ya mji, akijaribu adhana, akiipima sauti yake. Aliona haya, haya ya kweli.

Akatoka msikitini moja kwa moja hadi kwa Zubeid, akamkuta kizingitini akichambua dengu.

"Ndugu yangu," akasema, "nilidai ni kwa ajili ya dini. Haikuwa dini. Nilikuwa naitaka nafasi yako, na nilijifunza adhana kabla hujateremshwa. Nisamehe. Na mnara nakurudishia leo hii."

Zubeid akauweka ungo chini. "Nitapanda na sauti gani? Uliyosema yalikuwa kweli, sauti sina. Hebu niambie, mnara unanirudishia ili nani apate raha, mimi au wewe?"

Khalaf akataka kujitetea. Neno likamfika mdomoni, akalimeza.

"Mimi," akasema.

"Basi hapo nimekusamehe," akasema Zubeid, machozi yakimlenga. "Nia yako naijua tangu siku ile. Miaka saba nimengoja uijue wewe. Nenda ukahiji."

Ndugu zangu, shetani hakumpoteza Khalaf kwa uongo, alimpoteza kwa neno la kweli lililosemwa kwa nia mbovu. Na mja hasogei hata hatua moja kwa Mola wake maadamu anajidanganya mwenyewe. Mwenyezi Mungu atujaalie tuzikague nia zetu sisi wenyewe, kabla ya siku ambayo tutakaguliwa.