Mganga Aliyekataza Maziwa

“Ng'ombe wawili!” Mganga Kisaka alifoka uani kwa Nakijwa. “Ngozi imepona. Ujira wangu uko wapi?”

“Umeniponya wewe?” Nakijwa aling'aka. “Wewe?”

Sogeeni, wajukuu zangu. Haya ni ya zamani ya bibi wa bibi yangu, milima hii ikiwa bado inagombania mahali pa kukaa. Na wewe unayechezea moto, acha! Sirudii.

Nakijwa alikuwa mjane, mali yake ng'ombe wawili tu. Alitokwa na vipele vya joto shingoni, akamwendea Kisaka. Siku zile mganga halipwi mpaka mgonjwa apone. Kisaka akamkorogea unga wa mizizi, akamnywesha. Vipele vikashuka kifuani.

“Acha maharage,” akasema Kisaka. Akaacha maharage, akanywa dawa, akajikuna.

“Acha maziwa.” Akaacha maziwa, akampelekea mganga yasiharibike, akanywa dawa, akajikuna.

“Acha samaki! Acha ndizi!” Akaacha vyote, akanywa dawa, akajikuna mpaka damu. Mnasikia? Ngozi ikawa kama gome la mti. Akabaki na uji wa mtama, mbavu nje, miaka nenda miaka rudi!

Kisha Kisaka akaenda kumzika shemeji yake ng'ambo ya mlima, mvua zikafunga njia. Dawa ikaisha. Nakijwa akalia, akajua sasa anakufa. Hakufa! Kuwashwa kukapungua. Akala maharage, kimya. Akanywa maziwa, kimya. Ngozi ikarudi laini. Kisaka aliporudi akaiona, ndipo akadai.

Wazee wakaketi. “Dawa unaikoroga na nini?”

“Mayai mabichi. Ndiyo siri ya ukoo wetu.”

Watu wakashika vinywa. Mayai! Kwao mwanamke hali yai tangu azaliwe, nani angelifikiria?

“Umenilisha mayai?” Nakijwa alinong'ona.

“Sikukulisha, mama. Dawa si chakula.”

“Na tumbo langu litajuaje?”

Akaomba yai, akalivunja, akalinyonya mbele yao. Jua halijafika utosini, shingo nzima imevimba, nyekundu! Mke wa Kisaka akapiga yowe. Kisaka akakaa chini kwenye vumbi, mkoba wake mapajani.

“Naapa sikujua,” akasema.

Mimi namwamini. Hakuwa mwongo. Ila alichungulia kila chungu cha Nakijwa, chake hakukichungulia hata mara moja, na hilo ndilo linalonipandisha hasira mpaka leo! Basi mtu akiwakataza chakula, muulizeni kwanza yeye anawapa nini. Muulizeni usoni, awe na mkoba, awe na manyoya kichwani.

Kisa nimekitua, asiyekiamini na ajikune. Neno la mwisho si langu, ni la Nakijwa, alilolisema huku shingo inamwasha:

“Kisaka, maziwa yangu yote uliyokunywa. Yalipe.”