Zimwi Lililonenepa kwa Ugomvi

Paukwa!
Pakawa!
Anayesinzia akalale, anayesikia asogee!

Hapo kale, kwenye misitu ya baridi, makabila mawili ya Kijerumani, Wachati na Wasuebi, yaligombania chemchemi ya chumvi mpaka ikaharibika. Basi wote wakahama na magari yao ya ng'ombe, kutafuta bonde karibu na mpaka wa Warumi.

Siku moja wakakutana kivukoni. Na kivukoni limekaa zimwi.

"Litapita kabila moja tu!" likanguruma.

Wachati wakawatukana Wasuebi. Zimwi likanenepa. Wasuebi wakawatukania mama zao. Zimwi likanenepa. Wakarushiana mawe. Zimwi likanenepa, likaziba mto mzima.

Theluji ilikuwa imeanza. Wilrada, mjane wa Kichati, alikuwa na mtoto mchanga anayekohoa garini, na subira hakuwa nayo.

Jioni, wanaume wakinywa pombe ya shayiri, sauti ya zimwi ikatoka katika moshi wa moto: "Wasuebi watawachinja alfajiri. Wawahini!"

Wakashika mikuki.

"Kaeni chini, walevi!" Wilrada akafoka. "Desturi yetu ni ipi? Kwenye pombe tunasema. Kukicha, pombe ikishatoka kichwani, ndipo tunaamua!"

"Shemeji, na wakituwahi?" akauliza Harduni, ndugu wa marehemu mumewe.

"Nitakufa mimi kwanza. Lala!"

Kukicha akambeba mwanawe, akaenda kwa Wasuebi bila hata kisu.

"Enyi wezi wa chumvi! Zimwi limetuambia mtatuchinja. Ninyi limewaambia nini?"

Mkuu wao, Ansgari, akakuna ndevu. "Hayo hayo! Tumekesha na mikuki, tumeganda kama samaki!"

Akacheka. Wilrada naye akacheka. Zimwi likapungua.

Wakamkaribisha motoni, wakamega mkate pamoja. Zimwi likapungua.

"Chemchemi tuliiharibu sote," akasema Ansgari. "Tusameheane."

"Tusameheane," akasema Wilrada.

Zimwi likapungua, likawa kama chura, maji yakalichukua.

Basi magari yakavuka yakiwa yamechanganyika, na mtoto amelala, kifua kimepata joto.

Ng'ambo ya bonde, askari wa Kirumi juu ya ukuta akaona moshi wa mapishi.

"Leo hawapigani?"

"Labda wanaumwa," akajibu mwenzake.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye kutaka ugomvi akautafute kwingine. Ukiambiwa fulani anakuwinda, mwendee umuulize ana kwa ana, kabla hujashika mkuki.