Mkia wa Ndege ya Ambakisye

Hapo zamani, si zamani ya mababu, ni zamani hii hii ambayo baadhi yenu mlikuwa mmeshaanza shule, huko Rungwe alikuwepo mtu aitwaye Ambakisye. Alikuwa fundi wa ndege mpaka akastaafu. Wenzake walipostaafu walirudi nyumbani na mabati ya kuezekea. Yeye alirudi na makasha, na ndani ya makasha mlikuwa na ndege ya kujiundia, vipande vipande.

"Unaanzia wapi?" majirani wakamwuliza.

"Mkiani."

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Wakasema, heri ng'ombe, yeye mkia wake huja nao.

Ambakisye akaanza. Akaunda bawa dogo la ulalo, akaunda pezi la kusimama. Ikabaki kuvifunga pamoja kwa bolti, na hapo akakwama. Kila nati ilitakiwa kushikwa kwa ndani, kwenye tundu jembamba, na mkono wa Ambakisye ulikuwa mnene kama mhogo wa kale. Akajaribu koleo, nati ikaanguka. Akajaribu waya, nati ikaanguka. Akajaribu kutukana, nati ikaanguka.

Jirani yake Tumpe, msusi wa nywele, alikuwa amesimama mlangoni anatazama.

"Baba, hebu nipishe."

Akaingiza mkono mpaka kiwikoni, akafumba macho, akapapasa. "Nimeipata. Kaza!"

Ambakisye akakaza kwa spana. Nati ikashika. Ikashika ya pili, ikashika ya tatu. Kazi ile iliendelea siku nyingi. Kingo za bati zilimchuna Tumpe, mkono ukavimba, wateja wake wakahamia kwa msusi wa sokoni. Tumpe hakuacha mpaka bolti ya mwisho.

Siku hiyo Ambakisye akatangaza mbele ya watu: "Ndege ina viti viwili. Mkia huu bado una safari ndefu. Mtu ambaye bila yeye usingefika siku ya kuruka, ndiye atakuwa abiria wangu wa kwanza, na jina lake nitaliandika papa hapa mkiani."

Lakini mkia utakaa wapi? Banda lilikuwa dogo, na sasa lilihitajika kwa kiwiliwili cha ndege. Tena lilivuja, na mvua ya Rungwe mnaijua, haiombi ruhusa.

Mama Lusajo, jirani mwingine, mjane, akasema: "Leta sebuleni kwangu."

Akatoa makochi, akatoa kabati la vyombo, mkia ukaning'inizwa kwa kamba kwenye boriti. Masika yakaja, yakaenda, yakaja tena. Mama Lusajo alifuta vumbi, alifukuza panya, wageni aliwapokelea jikoni. Hata siku ya posa ya binti yake, wazee wa upande wa pili walikaa kwenye mkeka chini ya lile dude, wameinamisha vichwa.

"Mama," mshenga akauliza, "hiki juu yetu ni nini?"

"Mkia."

"Mwenye mkia yuko wapi?"

"Bado anaundwa."

Mshenga akasogeza mkeka karibu na mlango.

Binti akaolewa, akapata uchungu wa kwanza, Mama Lusajo akaitwa kwenda kumwuguza. Ufunguo akamwachia shemeji yake, Anyitike, mdogo wa marehemu mumewe. Akamwambia: "Shemeji, mkia usiguswe."

"Hautaguswa, shemeji."

Mama Lusajo hajavuka hata daraja, Anyitike kaugusa. Alikuwa amevuna viazi, hana pa kuviweka, na sebule ile ilikuwa kavu. Akaushusha mkia, akaupeleka kwenye zizi lake, akajaza sebule magunia.

Wiki hiyo ikaja dhoruba ya upepo na mvua ya mawe. Mparachichi mkubwa uling'oka, ukaangukia nyumba ya Mama Lusajo, ukapasua paa la sebule na kusaga viazi vikawa uji.

Mama Lusajo aliporudi akakuta shimo mahali pa paa. Akapiga yowe: "Mkia wa watu!" Ambakisye akaja mbio, akakaa chini matopeni.

Ndipo Anyitike akajitokeza, anakuna kisogo. "Njooni."

Ng'ombe wake alikuwa nje, amelowa, amenuna. Ndani ya zizi, juu ya majani makavu, mkia ulikuwa umelala, umefunikwa mablanketi ya Anyitike mwenyewe. Haukuwa na hata mkwaruzo.

Basi ndege ikakamilika. Tumpe akaingiza tena mkono, mkia ukafungwa kwenye kiwiliwili. Katika uwanja wa zamani wa shamba la chai, Ambakisye akaruka peke yake kwanza, akazunguka, akatua. Watu wakapiga vigelegele. Kisha akafungua mlango wa pili.

Wakasogea watu watatu, wote wamevaa nguo za kanisani.

Tumpe akanyoosha mkono wenye makovu. "Baba, bila vidole hivi ungekuwa na mabati tu. Mkia ni bolti."

Mama Lusajo akasema: "Na bolti zingeoza bandani. Nimewapokea wakwe zangu kwenye mkeka kwa ajili ya mkia huu. Aliyetunza ndiye aliyefikisha."

Anyitike akasema: "Shemeji, ningekutii, leo tungekuwa tunazika chuma."

"Hukuuokoa, uliuhamisha! Ulikuwa unaokoa viazi."

"Kweli. Lakini viazi vimekufa na mkia upo. Na ile wiki nililala bila blanketi; hilo sikulifanya kwa ajili ya viazi."

Ambakisye akawatazama, mmoja baada ya mwingine. Injini inanguruma, brashi ya rangi iko mkononi, kiti ni kimoja.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, msininong'onezee, semeni kwa sauti: je, nani alistahili kupanda?