Chuma cha Migombani

Chuma kitie mpini, ndipo ukiogope. Naam, ndivyo alivyosema shangazi yenu leo asubuhi, na nyinyi mkaitikia "kweli, kweli" kumbe hamjui mnachokiitikia. Nimewaona! Sasa mmekuja kuniuliza chanzo chake, tena mnanikuta na ungo wa maharage mapajani. Haya, kaeni. Kila mmoja achote konzi yake achambue, maana masikio hayazuii mikono kufanya kazi. Msemo huo umezaliwa hapa hapa mlimani, na aliyeuzaa ni mwanamke ambaye hata si wa mlimani.

Jina lake Mboni. Alikuwa mtu wa tambarare, kule chini wanakolima mahindi na kuchunga mbuzi. Aliolewa huku na kijana mmoja, Elisante, wakajaliwa mtoto wa kike. Baadaye Elisante akateremka kwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge, akamwacha mkewe na mtoto mikononi mwa mama yake, Mama Nambike, na kaka yake mkubwa, Sekiete. Mama Nambike akamkatia mkaza mwana wake kipande cha migomba kule bondeni, kando ya mfereji. Kusema kweli kilikuwa kipande kibovu, migomba imesongamana na mikungu yake midogo ya kusikitisha. Lakini Mboni alikipenda, maana kwao hakuwahi kuambiwa hata siku moja, "Hiki ni chako."

Sasa niwaeleze jambo moja, msije mkanikatiza katikati. Zamani hizo watu wa mlimani walimwogopa mhunzi kuliko chui. Ilisemwa kwamba mhunzi ukimdhulumu hagombi wala hashitaki. Hufua chuma, akakinuizia maneno, akakizika shambani kwako, kisha huyoo, anakwenda zake. Basi shamba hilo halizai, na watoto wa nyumba hiyo hawakui. Dawa ilikuwa moja tu: aje mhunzi wa ukoo ule ule akifukue kwa mkono wake. Asipopatikana, yule aliyekigusa kwanza ndiye aliyeitwa na chuma. Huyo huondolewa mlimani, na shamba likaachwa liwe pori. Chuma cha namna hiyo watu hawakuthubutu hata kukitazama, walifunika macho.

Unacheka nini wewe? Mwenyewe jana umekataa kupita njia ya makaburini mchana kweupe.

Basi asubuhi moja, mvua zikiwa karibu, Mboni alikuwa akichimba shimo la kupandia mgomba. Jembe likagonga kitu, ngwe! Akadhani ni jiwe. Akafukua kwa mikono, akatoa chuma cha urefu wa mkono wa mtoto, kimevaa kutu na udongo mwekundu, upande mmoja bapa, upande wa pili mnene. Yeye na utambarare wake, wasiwasi wa wapi! Akakibeba mpaka nyumbani, akauliza kwa furaha, "Mama, hiki kitu gani? Nimekikuta migombani."

Mama Nambike alikuwa anamenya ndizi. Alipotupa jicho tu, kisu kikamdondoka. "Mungu wangu! Kitupe! Kitupe chini, mwanangu, utatumaliza!" Akajifunika kanga usoni, akapiga yowe. Majirani wakaja mbio, na wao wakafunika nyuso. Chuma kikabaki peke yake katikati ya uwanja, watu wamekizunguka kwa mbali. Hakuna aliyekitazama, lakini kila mmoja alikuwa na la kusema juu yake. Huyu akasema ni ulimi wa nyoka. Yule akaapa kwamba kina macho. Macho! Chuma!

Sekiete akatuma watu wakatafute mhunzi, wakarudi mikono mitupu. Wahunzi wa upande ule walikuwa wamehama siku nyingi, na hakuna aliyejua walikoelekea. Wazee wa ukoo wakakutana, wala hawakukaa sana. Mboni arudi kwao. Na mtoto? Mtoto ni wa ukoo, atabaki kwa bibi yake.

Hapo ndipo Mboni alipoelewa ukubwa wa jambo lenyewe. Chuma hakikumtisha, lakini neno lile la "mtoto atabaki" lilimkata maini. Alilia jamani, alilia mpaka sauti ikamkauka. Mtoto ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea, anamfuata mama yake kila aendako, kashika pindo la kanga. Wala msidhani Mama Nambike alikuwa mama mkwe mbaya. Naye alilia. Alimpenda Mboni, ila hofu ilimzidi nguvu, na mtu akishikwa na hofu hata mapenzi yake hayana msaada.

Siku ya kuondoka ikafika. Mboni alikuwa amefunga mzigo wake, na Sekiete alikuja kumsindikiza mpaka tambarare. Majirani nao wakaja, wengine kuaga, wengine kushuhudia tu, si mnawajua watu. Mboni akauweka mzigo pale mlangoni, akachota maji kwenye mtungi, akaenda moja kwa moja pale uwanjani kilipolala kile chuma, akakimwagia. Udongo ukaanza kutoka. Akainama akakitazama, akakigeuza huku na huku, watu wanaguna.

"Shemeji," akasema, "kabla sijaondoka nina neno."

"Sema upesi, shemeji. Jua linapanda."

"Chuma hiki kina tundu huku nyuma. Tundu la nini?"

"Nitajuaje? Mimi sikitazami."

"Basi mimi nimekitazama. Ni tundu la mpini. Hebu niambie, shemeji, chuma cha kuzika ardhini kinatiwa mpini kwa kazi gani? Laana nayo hulima?"

Mtu mmoja kule nyuma akapasuka kicheko, haraka akajiziba mdomo. Sekiete akapandwa na hasira. "Mtu wa tambarare ndiye atakayetufundisha mambo ya mlimani?"

"Sikufundishi, shemeji yangu. Lakini mnanitenga na mwanangu kwa sababu ya kitu ambacho hakuna hata mmoja wenu aliyekitazama. Kitieni mpini, ndipo mkiogope! Kikionekana kibaya nitateremka mwenyewe, wala hutapata taabu ya kunisindikiza."

Mboni akachukua panga, akakata mti mnyoofu kwenye ua, akauchonga ncha pale pale mbele yao. Akauchomeka kwenye tundu, akaugonga kwenye jiwe mpaka ukakaza. Kisha akasimama nao. Na ajabu, kile kitu kilichowakimbiza watu wazima kikawa hakitishi tena. Kilikuwa chombo cha kazi. Kazi gani, hakuna aliyejua, lakini macho mengi yalianza kufunuka.

Mboni akashuka migombani, umati nyuma yake, kila mtu anasogea lakini hataki kuwa wa kwanza. Akakijaribu kwenye ardhi tupu. Kwa kulimia kilikuwa chembamba mno, kwa kupalilia kizito mno. Akasimama akawaza. Mbele yake palikuwa na mgomba na chipukizi lake, vimebanana hata kidole hakipiti. Akaona ule ubapa wa chuma umepinda kidogo, akauingiza hapo katikati, akaukandamiza, akaulalia mpini. Ardhi ikalia, na chipukizi likatoka zima zima na mizizi yake. Mgomba mama haukutikisika hata jani.

"Muo!"

Sauti hiyo ilikuwa ya Mama Nambike. Alikuwa amesimama kule juu ya mteremko akichungulia kwenye upenyo wa kanga. Sasa kanga ameitupa, anateremka mbio kwa miguu yake mibovu, watu wanampisha. "Ni muo wa mama! Muo wa marehemu mama mkwe wangu!" Akaunyakua mikononi mwa Mboni, akaukumbatia na tope lake lote, machozi yanamtiririka, huku anacheka.

Akasimulia akiwa anahema. Yeye alipokuwa bibi harusi mpya, nyumba nzima ilitumia muo ule kung'olea machipukizi. Mwaka mmoja mfereji ukapasuka kingo, tope likateremka likafunika bonde, na muo ulikuwa umesimikwa huko migombani. Walitafuta kiangazi chote wasiuone. Wahunzi wakawa wamehama, hakuna wa kufua mwingine. "Tangu hapo tunang'oa kwa panga," akasema, "tunakata mizizi, au tunayaacha yabanane. Ndiyo maana migomba yetu imekonda hivi!"

"Lakini Mama," akasema Sekiete, "ulikiona siku ya kwanza kabisa. Mbona hukukitambua?"

"Ningekitambuaje? Mimi nilikijua na mpini wake, kikiwa kazini. Tena nilikitazama saa ngapi? Si nilifunika macho kama wewe!"

Ebo! Watu walivyocheka siku ile, walicheka hadi wengine wakakaa chini. Kilikuwa kicheko cha watu waliotuliwa mzigo. Yule aliyeapa kuhusu macho ndiye aliyecheka kuliko wote, bila haya. Mboni yeye hakucheka. Akaketi pale pale kwenye udongo mbichi, akampokea mtoto wake kwa jirani aliyembeba, akampakata, akamshika kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika. Mama Nambike akaketi kando yake. Akamwambia, "Nisamehe, mwanangu. Nilitaka kukufukuza kwa kitu nilichokitafuta miaka yote." Mboni akamlalia begani.

Na Sekiete? Alipanda mpaka nyumbani, Mboni na watu wote nyuma yake, akauinua mzigo wa Mboni pale mlangoni, akajitwika kichwani. Sasa mjue, huku kwetu wakati ule mwanamume hakubeba mzigo wa mwanamke kichwani, watu wangemtania hadi kaburini. Yeye akaubeba mbele za watu wote, akaingia nao ndani, akautua kitandani, akaufungua fundo kwa mikono yake. Alipotoka akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Shemeji, uko kwako."

Toka siku hiyo, mtu akija mbio hapa mlimani na habari ya kutisha, ooh fulani ni hivi, ooh nimeona vile, anaulizwa tu kama amekishika, kama amekitazama, kama anajua ni cha kazi gani. Asipokuwa na jibu wanamwambia alivyosema Mboni siku ile alipokaribia kunyang'anywa mwanawe: chuma kitie mpini, ndipo ukiogope.